Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) Corolla 110 imekula meno, Jumamosi nina safari ya Tabora, nisaidieni

Mwisho_wa_Reli (mwenye uzi), Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja maana kichwa kinaniuma. Niko Kigoma hapa Mwanga, nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, gari la marehemu mzee nimelirithi, halijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu na barabara zetu mnazijua. Juzi nikapeleka kumwaga oili sehemu moja nisiitaje, kijana akafungua akamwaga akabadili filta akarudisha nati, freshi kabisa. Asubuhi natoka naona tone chini, siyo tone jamani ni kisahani. Narudi kwake anasema "hiyo inataka kukazwa tu bosi", akachukua racheti akachomekea bomba kama la mita moja hivi akaning'inia. Mi nimesimama nakodoa macho. Ikakaza, ikakaza, halafu ghafla ikawa nyepesi, inazunguka tu kama kifuniko cha chupa ya maji kilichozeeka. Hapo nikajua kimeumana.

Sasa hivi inavuja kama kikombe cha kahawa kwa usiku mmoja. Kijana anasema tuzungushie tepu nyeupe ya bomba, tupake na silikoni, mambo yaishe. Jumamosi natakiwa nimpeleke bi mkubwa Tabora, Isevya, kuna sendofu ya mtoto wa mamdogo, na bi mkubwa amekataa treni anasema ana mizigo (mawese madumu mawili na migebuka, mnamjua mama akisafiri). Ni zaidi ya kilomita 400 hizo. Nifanyeje?

Kibirizi_Boy, saa 2:31 usiku

Mkuu tepu inashika freshi tu, mi boti yangu nimefunga tepu mwaka wa pili huu

Mwisho_wa_Reli, saa 2:33 usiku

Boti ikivuja unaogelea, mi injini ikikauka oili Nguruka naogelea wapi

Kibirizi_Boy, saa 2:34 usiku

hahahaha haya mkuu

Mama_Wawili_Gungu, saa 2:50 usiku

Pole sana kaka. Mimi IST yangu ilinikuta hivyo hivyo, fundi akapaka silikoni, ikakaa mwezi. Mwezi ulipoisha nati ilidondoka yenyewe napanda kilima, taa nyekundu ya oili ikawaka nikazima palepale, nashukuru mume wangu alishanifundisha kwamba ile taa siyo ya kukumbusha, ikiwaka umeshachelewa. Usikubali silikoni kwenye nati.

Mzee_wa_Karakana, saa 3:20 usiku

Vijana hamjambo. Niko Tabora, Cheyo, mstaafu wa karakana, vyuma nimeshika tangu sijaoa. Nitaandika kirefu mnivumilie, simu ya mjukuu hii.

Kwanza tuelewane kitu kimoja ambacho kingejulikana huko magereji nusu ya sampu za nchi hii zingepona. Meno ya bolti (na ni bolti jamani, nati ni ile yenye tundu, lakini sawa, nati ya sampu tumeshaizoea) kazi yake siyo kuzuia oili. Kazi yake ni kushikilia. Anayezuia oili ni washa. Ile washa inabanwa kati ya kichwa cha bolti na uso wa sampu, inapondeka kidogo, inaziba. Ikishapondeka mara moja imemaliza kazi yake, mara ya pili inaziba kwa bahati, mara ya tatu ndiyo hiyo, tone. Sasa fundi akiona tone anakaza. Anakaza kitu ambacho hakina tatizo kusaidia kitu ambacho kimeshakufa. Washa ya shaba au ya alumini ni ya bei ya maandazi tu, na ya shaba hata kama huna mpya unaipasha kwenye moto mpaka iwe nyekundu, unaitumbukiza kwenye maji, inalainika, unaitumia tena.

La pili, hesabu. Bolti ya sampu kwenye Toyota nyingi ndogo inataka nguvu ya kati ya Nyuta mita 30 na 40. Hiyo 40 ni sawa na kubonyeza kilo 20 mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20, basi. Yule kijana wako tuseme ana kilo 60, kaning'inia kwenye bomba la mita 1, hapo kaweka karibu 600. Mara kumi na tano! Ungemfunga ng'ombe pale.

Sasa kabla hujaambiwa ufanye nini, jibu maswali yangu. Ukiifungua hiyo bolti, kwenye meno yake kuna nini? Na kichwa chake kinaingia spana namba ngapi?

Mchungaji_wa_Spea, saa 3:41 usiku

Shikamoo mzee. Ila hayo maelezo marefu ya nini wakati dawa inajulikana, unatoboa kwa biti ya 12.5 unapiga tapu (chuma cha kuchonga meno mapya) ya M14 kwa 1.5 unafunga bolti ya Mitsubishi kichwa namba 17 dakika arobaini umemaliza. Nimepiga hizo nyingi tu huku Kasulu, gari liko juu ya jeki hata sampu sifungui.

Mzee_wa_Karakana, saa 3:55 usiku

Marahaba. Na vumbi la chuma linaenda wapi mwanangu?

Mchungaji_wa_Spea, saa 3:58 usiku

Unapaka grisi nene kwenye biti na kwenye tapu mzee, vumbi linanasa kwenye grisi, unatoa unafuta unapaka tena unarudi. Ukimaliza unamwaga nusu lita ya oili rahisi kwa juu huku chini kuko wazi inasukuma yaliyobaki. Na chuma sumaku inavuta, sampu ya 110 ni ya bati la chuma siyo alumini, ingekuwa ya alumini ningekubaliana na wewe maana alumini sumaku haiioni.

Mzee_wa_Karakana, saa 4:02 usiku

Kwa tapu nakubali, tapu unaizungusha kwa mkono, nusu raundi mbele robo nyuma, vumbi linakatika dogo dogo linakaa kwenye mifereji yake. Drili ya umeme ukiwa umelala chali chini ya gari juu ya jeki moja, hapana. Kwanza tundu litaenda mshazari, bolti ikikaa mshazari washa haigusi uso wote, tutarudi hapahapa na uzi mwingine. Pili naomba mwenye uzi anihakikishie chini ya hilo gari kuna stendi au hata magogo ya mwembe, siyo jeki peke yake. Nimezika mtu kwa sababu ya jeki.

Mwisho_wa_Reli, Jumanne, saa 12:48 asubuhi

Mzee shikamoo. Usiku nilishindwa kujibu umeme ulikatika. Nimefungua saa hizi, nimeweka magogo mzee usijali, na matairi mawili chini ya mbavu.

Majibu: kwenye meno ya bolti kumejiviringisha kitu kama springi, waya mwembamba unang'aa, nimeuvuta kwa plaizi umetoka mzima raundi kama tatu. Kichwa kinaingia spana 17. Nimepiga picha ila mtandao haupandishi.

Kibirizi_Boy, saa 12:55 asubuhi

hiyo springi ni ya nini tena, kuna springi kwenye nati?

Mzee_wa_Karakana, saa 1:30 asubuhi

Marahaba. Hiyo siyo springi mjukuu wangu, hayo ndiyo meno ya sampu yenyewe. Yamenyofolewa yakatoka yamekumbatia bolti. Kwa hiyo maiti tumeitambua. Ingekuwa ni meno ya bolti yamelala na tundu zima, ungenunua bolti mpya tu ukaenda kazini, na watu wengi wanaambiwa sampu imekufa kumbe ni bolti. Lako ni tundu.

Ila hiyo spana 17 ndiyo nilikuwa naitafuta. Bolti ya sampu aliyoweka Toyota kwenye gari lako kichwa chake ni 14. Hiyo uliyonayo siyo yake, imetoka kwingine. Nenda duka la spea, omba kushika bolti ya sampu ya Toyota, siyo kununua, kushika tu. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, zielekeze juani. Kama meno yanalaliana hamna mwanga unaopita katikati ni ndugu. Kama yanapandiana, njoo uniambie.

Mwisho_wa_Reli, saa 4:17 asubuhi

Mzee wewe ni mchawi. Yanapandiana. Mwanzo yanakubali, jino la kwanza la pili, halafu kadiri unavyoenda mbele yanaachana. Mwenye duka akachukua rula akahesabu, ya Toyota kwenye sentimita moja ina meno manane, ya kwangu hayafiki saba. Unene ni uleule kabisa, kwa macho huwezi kujua.

Mzee_wa_Karakana, saa 4:40 asubuhi

Ndiyo yenyewe. Ya Toyota ni M12 kwa 1.25, maana yake unene milimita 12 na kutoka jino mpaka jino milimita 1 na robo. Ya kwako ni M12 kwa 1.5. Hiyo inaingia raundi mbili kwa vidole inakudanganya, ya tatu inagoma, mwenye haraka anadhani ni uchafu anaweka spana, inaenda kwa nguvu inajichongea njia yake juu ya meno ya zamani. Ikifika mwisho inaonekana imekaza kweli kumbe imeshikilia kwenye masalia. Hiyo bolti imewekwa zamani, haikuwekwa juzi. Kila ukimwaga oili masalia yanapungua. Kijana wa bomba amekuta mgonjwa wa ICU akamvuta mto.

Sisemi hana kosa. Mita moja ya bomba kwenye sampu ni kosa hata bolti ingekuwa mpya. Ila usiende kumpigia kelele peke yake.

Mwisho_wa_Reli, saa 4:52 asubuhi

Daah. Na mimi nilishaenda asubuhi kumpigia kelele, mpaka mama lishe wa pale akatoka kuangalia. Ngoja nitarudi kumnunulia soda.

Bi mkubwa anasema marehemu mzee aliwahi kudondosha nati njiani kipindi anafanya kazi Uvinza, wakafunga ya trekta sijui ya nini ili wafike nyumbani. Ikabaki hivyohivyo. Kwa hiyo mimi nimerithi gari na dhambi zake.

Dogo_Katubuka, saa 5:10 asubuhi

Kwann usiweke ile bolti inayojichonga yenyewe, mbele ina meno makali kama tapu, unakaza tu inakata njia mpya, bro wangu aliweka kwny Noah iko poa mpaka leo

Mchungaji_wa_Spea, saa 5:26 asubuhi

Ipo na inafanya kazi mara moja. Inakata meno membamba, na kila ukiifungua ukaifunga inakula tena. Wanatengeneza zingine zina kibolti kidogo katikati, ile kubwa unaiacha milele unamwagia oili kwa kile kidogo, hiyo afadhali, ila oili inatoka kwa kitundu kama cha sindano utakaa mpaka adhana ya magharibi. Na vumbi la chuma lote linaingia ndani kwa sababu unaikaza haina grisi. Mimi siweki kwa mteja ninayemjua.

Mnyamwezi_Original, saa 5:40 asubuhi

Mwangaluka! Mimi Ipuli Tabora, nina Corsa ya zamani, nati ilinisumbua hivyo nikaamua kuachana nayo, niliichomelea kabisa ikawa chuma kimoja na sampu. Oili naivuta kwa juu kwenye tundu la dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kwa pampu ya mkono na mpira mwembamba. Mwaka wa tatu.

Mama_Wawili_Gungu, saa 5:44 asubuhi

We kaka umechomelea sampu ikiwa kwenye gari???

Mnyamwezi_Original, saa 5:49 asubuhi

Hapana shemeji, niliishusha nikaiosha na sabuni mara tatu. Kichaa siyo mimi. Kuchomelea chombo kina mabaki ya oili au petroli ni kujitafutia msiba.

Mzee_wa_Karakana, saa 6:05 mchana

Kuvuta kwa juu kunasaidia mtu akiwa hana njia, lakini mpira haufiki kwenye kona ya chini kabisa na tope zito ndiko linakokaa. Gari jipya utaona sawa, gari la 1998 lenye oili ya kila aina, tope lipo. Tena uliyechomelea siku ukitaka kusafisha utashusha tena sampu. Ulishusha sampu ukiwa na tatizo ukairudisha bila kulitatua, hapo sikuelewi mtani wangu.

Mnyamwezi_Original, saa 6:11 mchana

Mzee umenipiga hadharani 😂

Mwisho_wa_Reli, saa 6:30 mchana

Sasa wazee wangu nishike lipi. Nina leo, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Pesa siyo nyingi. Ile ya kuweka springi ya kununua ndani ya tundu ili lirudi M12 nimeuliza maduka manne Mwanga na mawili Ujiji hakuna, wananiambia agiza Dar ije na basi.

Mzee_wa_Karakana, saa 7:15 mchana

Hiyo springi ya chuma ni kazi nzuri, kwenye sampu za alumini mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inakuwa na nguvu kuliko alumini yenyewe. Kwako ni bati la chuma lenye kipande kinene cha nati kimechomelewa, nyama ipo. Fanya alivyosema Mchungaji, M14 kwa 1.5, lakini ushushe sampu. Siyo kwa sababu ya vumbi tu. Hilo gari limefungwa bolti ya trekta, limepakwa silikoni mara ngapi hujui, nataka uone ndani kuna nini. Ukishashusha, nenda kwa mtu mwenye drili ya kusimama mezani, aifunge sampu kwenye vaisi, atoboe wima. Asiguse mpaka apige mstari wa kati.

Kwenye 5A utalegeza bomba la mbele la ekzosi kwanza, halafu boliti ndogo ndogo za kuzunguka, ziko nyingi, zihesabu uziweke kwenye kopo. Haina gasketi ya karatasi, imegandishwa na silikoni ya kiwandani, itakataa kutoka. Usiichokonoe na bisibisi, ukipinda ule mdomo wa sampu umeanzisha uvujaji mwingine. Tafuta kisu chembamba cha bati, gonga taratibu kuzunguka.

Mchungaji_wa_Spea, saa 7:22 mchana

Hapo mzee nakubali yaishe. Ila bolti M14 anunue ya sampu yenye uso mpana, asichukue bolti ya kawaida ya dukani uso wake mdogo washa inapinda. Ya Mitsubishi au Honda, zote M14 kwa 1.5.

Mwisho_wa_Reli, Jumatano, saa 1:05 usiku

MREJESHO. Wakuu kaeni vizuri.

Sampu imeshuka saa nne asubuhi baada ya masaa mawili ya kugombana nayo, nilikuwa na yule kijana wa bomba, nilimfuata nikamwomba radhi, nikamwambia njoo tushushe wote utajifunza, akaja kwa nauli na chakula. Jina lake silitaji ila ni kijana mzuri tu hakufundishwa.

Ndani sasa. Tope jeusi chini kama uji wa ulezi uliolala. Hilo tulitegemea. Lakini kwenye lile chujio la pampu, ile nyavu ya chuma inayoning'inia chini inakofyonzea oili, kumejaa vipande vya silikoni! Rangi ya chungwa na vingine vyeusi, kama minyoo. Mtu alikuwa anapaka silikoni kwenye nati miaka na miaka, ile inayobaki ndani inakatika inaelea inaenda kukaa kwenye nyavu. Karibu theluthi ya nyavu imeziba. Yani mimi nilikuwa napanga kwenda Tabora na injini inayopumua kwa pua moja.

Nimevitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi cha wife (hajui, msimwambie). Nyavu nimeisuuza na petroli, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Mama_Wawili_Gungu, saa 1:12 usiku

Na ya kwangu je 😳 si ilipakwa silikoni mwezi mzima

Mzee_wa_Karakana, saa 1:40 usiku

Ndiyo maana nilitaka kuona ndani. Mama Wawili, IST kama ina injini ya 1NZ sampu yake ni vipande viwili, juu alumini na chini bati dogo, ile ya chini inashuka peke yake haina shida kama ya 110. Mwambie fundi aishushe akague nyavu, siku moja tu.

Mwenye uzi, tundu?

Mwisho_wa_Reli, saa 1:58 usiku

Tundu limetobolewa mzee. Nilienda kwa fundi mmoja mkereza vyuma njia ya Ujiji, mzee kama wewe, hapokei simu akiwa kazini. Aliangalia akasema "nani kawaambia mshushe?" nikamwambia mzee mmoja wa Tabora, akasema "huyo anajua". Akafunga sampu kwenye vaisi na vipande viwili vya mbao isikwaruzike, akatoboa kwa 12.5 taratibu huku anadondoshea oili, halafu tapu kwa mkono kama ulivyosema mbele nusu nyuma robo, akaitoa mara sita kusafisha. Mwishoni akapitisha jiwe laini juu ya uso wa nje pale washa inapokaa maana bolti ya zamani ilikuwa imepachimba duara.

Amenichaji elfu kumi na tano, bolti na washa mbili za shaba nimenunua nje.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikukijua, alifunga bolti mpya, akamimina mafuta ya taa ndani ya sampu kama vidole viwili, akaiweka juu ya kipande cha mfuko wa saruji mkavu, akasema nenda kanywe kahawa. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili, panapopita oili hayo yanapita mapema. Saa nzima, karatasi kavu.

Dogo_Katubuka, saa 2:03 usiku

Hii kali, naiba

Mzee_wa_Karakana, saa 2:20 usiku

Huyo mkereza mpe salamu zangu. Kesho kabla ya kurudisha, mdomo wa sampu na uso wa injini ufute mpaka kitambaa kitoke kisafi, silikoni haishiki kwenye oili. Mstari mmoja mwembamba, milimita 3 au 4, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, usizidishe! Kinachozidi kinaingia ndani na umeshaona kinakwenda wapi. Boliti ndogo zile kaza kwa kupishanisha, kwa mkono wa kawaida tu, hazitaki nguvu. Acha ilale usiku kucha ndiyo uweke oili.

Bolti mpya ya sampu: vidole mpaka washa iguse. Ikikataa vidole usiendelee, toa anza upya. Ikishagusa, spana fupi, shika karibu na kichwa, kama robo raundi, ukisikia washa imekubali acha.

Mwisho_wa_Reli, Ijumaa, saa 11:30 jioni

Imerudi jana mchana, imelala, leo asubuhi nimeweka oili lita tatu na kidogo mpaka alama ya juu ya dipstiki. Kabla ya kuwasha nilichomoa waya wa koili nikapiga stata mara tatu fupi ili pampu ijaze kwanza, alinifundisha huyohuyo mkereza. Nikawasha, taa ya oili ikazima, na jamani injini imetulia. Ile kelele ya tiki tiki ya asubuhi niliyokuwa nasema ni uzee wa gari, haipo. Nimeweka boksi chini toka saa tatu, kavu. Kijana wa bomba naye amekuja kuliangalia boksi mara mbili.

Mchungaji_wa_Spea, saa 11:52 jioni

Tiki tiki ilikuwa njaa ya oili juu kwenye valvu mkuu. Hongera. Oili chafu uliyotoa umepeleka wapi?

Mwisho_wa_Reli, saa 11:58 jioni

Jirani amechukua anapaka nguzo za banda mchwa wasile. Ziwani haijaenda hata tone, wazee wa Kibirizi wangenifunga.

Kibirizi_Boy, Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

safari njema mkuu, mfikishie mama salamu. na mi leo nimeangalia ile tepu ya boti, aisee

Mwisho_wa_Reli, Jumatatu, saa 3:10 usiku

Tumerudi salama. Kwenda na kurudi, nilisimama Malagarasi nikachungulia, Urambo nikachungulia, kavu. Oili kwenye dipstiki haijashuka hata kwa unene wa kucha. Mzee wa Karakana nilimpitia Cheyo, bi mkubwa akamwachia dumu moja la mawese, akanipa asali ya miombo chupa mbili, kisha akalala chini ya gari na kanzu yake kuangalia bolti mwenyewe, akatoka anasema robo raundi yako ilikuwa kubwa kidogo.

Mama_Wawili_Gungu, saa 3:25 usiku

Kaka kabla uzi haujafungwa, sampu ya chini ya IST nayo tundu lake ni lile lile M12 kwa 1.25 la Toyota? Fundi wangu ananiletea bolti kesho sitaki aniletee ya trekta.

Mwisho_wa_Reli, saa 3:31 usiku

Ndiyo dada, kichwa 14. Mwambie aifunge kwa vidole ukiwa umesimama hapo unaona, na washa mpya anunue mbili. Ya kwangu ya akiba iko kwenye bahasha ndani ya dashibodi, nimeandika juu yake "M14 × 1.5, spana 17, SIYO YA TOYOTA" ili mwanangu akirithi asinitukane.

Mzee_wa_Karakana, saa 3:44 usiku

Andika na kwenye sampu yenyewe, kwa rangi nyeupe. Bahasha zinapotea.